Chenso ya Nyumbani Ichaguliwe kwa Siku ya Dhoruba

Ukitoka Msimbazi ukaingia Gerezani hapa Dar es Salaam, katikati ya jenereta, pampu za maji na mashine za kuchomelea, utazikuta chenso zimepangwa barazani. Wengine wanaziita misumeno ya moto. Muuliza bei ataambiwa kwanza ukubwa wa injini: hii cc 52, hii cc 58, ile kubwa zaidi ipo ndani. Mnunuzi mwenye mwarobaini mmoja uani kwake Ilala au Magomeni anasikiliza, anapiga hesabu, na mara nyingi anaondoka na ile kubwa, kwa imani kwamba nguvu nyingi ndiyo usalama. Leo nataka kuzungumza naye kabla hajatoa pesa mfukoni.

Hofu yake ninaielewa na ina msingi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia kimbunga Hidaya, kikaja mpaka Mafia, boti za kwenda Unguja zikasimama, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Kilipungua nguvu kabla hakijatudhuru kama tulivyoogopa, lakini watu wengi wa jiji hili walilala wakitazama miti yao. Mwarobaini uliopandwa na babu kwa ajili ya kivuli sasa umeegemea bati la jirani, maana kiwanja kimejaa vyumba vya wapangaji na mti haukuambiwa usikue. Masika yakikolea, udongo ukilowa na upepo ukivuma usiku, tawi moja linatosha kuziba njia ya pekee ya kutokea.

Kwa hiyo mwenye nyumba ana haki ya kutaka chombo. Swali ni chombo gani, na hapo cc si mwanzo mzuri wa mazungumzo. Misumeno mikubwa unayoisikia ikinguruma Mufindi na Njombe, yenye injini ya zaidi ya cc 100, imetengenezwa kwa mtu anayepasua mbao kutwa nzima, mwenye mikono iliyozoea na msaidizi pembeni. Mti wa uani Kariakoo au Upanga una matawi ya unene wa paja, na shina ambalo mara nyingi halifiki kipenyo cha ndoo. Kwa kazi hiyo injini ya cc 35 hadi 45, yenye upanga (bamba linalozungukwa na mnyororo) wa inchi 14 au 16, inatosha na kubaki. Uzito nao ni wa kuangaliwa kuliko nguvu. Mtu asiyezoea akishika mashine nzito kwa dakika kumi, mikono inaanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka ndio unaoleta ajali.

Jambo ninalolililia zaidi ni hili: chenso ya nyumbani hufanya kazi mara mbili kwa mwaka, na miezi mingine yote inakaa stoo. Sasa injini ya petroli haipendi kukaa. Injini hizi ni za mipigo miwili, hazina oili yake pembeni. Oili inachanganywa kwenye petroli, kama wanavyojua waliowahi kumiliki Vespa za zamani. Kwa oili nzuri ya kazi hiyo, watengenezaji wengi wanataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 100 katika lita 5. Mashine nyingine, hasa za bei nafuu, zinataka 25 kwa moja. Fuata kitabu cha mashine yako, usifuate mazoea ya fundi. Ukiweka petroli tupu, injini inajikwangua ndani na kufa siku hiyo hiyo. Ukichanganya vizuri halafu ukaacha mafuta ndani miezi sita, petroli inachacha na kuacha utando kwenye matundu madogo ya kabureta. Usiku wa dhoruba utavuta kamba mpaka bega liume, na mashine haitawaka.

Dawa yake ni rahisi, ila inataka nidhamu: kila ukimaliza kazi mwaga mafuta yaliyobaki, iwashe imalizie yaliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Kila mwezi iwashe kidogo kwa mafuta mapya. Kama unajijua hutafanya hivyo, na wengi wetu hatutafanya, basi usinunue ya petroli.

Ndiyo maana kwa nyumba nyingi za katikati ya jiji mimi napendekeza ya betri. Najua mnunuzi wa Gerezani anaiona ya mchezo. Lakini ukibonyeza swichi inawaka, iwe imekaa wiki au miezi, mradi betri ina chaji. Haikulazimishi kuweka galoni la petroli kwenye nyumba ya vyumba sita yenye majiko yanayowaka koridoni, na hilo peke yake kwangu ni hoja nzito. Betri moja itakukatia matawi ya kutosha kufungua njia, nayo ndiyo kazi ya dharura. Kukatakata shina lote kunaweza kusubiri kesho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ichaji siku hiyo hiyo, kabla umeme haujakatika. Ya waya wa kuchomeka ukutani iache dukani, kwa sababu mti unapoanguka umeme nao huwa umekatika.

Ukishaamua aina, muulize muuzaji kuhusu vipuri kabla hujamwuliza bei. Mnyororo wa akiba upo? Plagi ipo? Nani anatengeneza hizi hapa Kariakoo, na kwake ni wapi? Stihl na Husqvarna wana majina makubwa, na kwa sababu hiyo mashine za kuigiza zenye rangi zao na herufi zinazokaribiana ni nyingi sokoni. Mashine ya Kichina yenye jina lake mwenyewe, inayouzwa na mtu mwenye duka, risiti ya EFD na rafu ya vipuri, ni bora kuliko bandia ya jina kubwa. Iombe iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Ikiwa imeshapashwa moto kabla hujafika, subiri ipoe ndipo iwashwe tena.

Halafu tazama kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: breki ya mnyororo. Ni ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mshikio wa juu. Ncha ya upanga, hasa kona yake ya juu, ikigusa ukuni ghafla, msumeno mzima unaruka kurudi usoni kwa mshikaji, haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Breki inausimamisha mnyororo papo hapo. Husqvarna walianza kuiweka ile inayojifunga yenyewe mwaka 1973, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua leo mashine isiyo nayo. Isukume mbele kwa mkono ukiwa dukani, uone kama mnyororo unasimama kweli.

Na ukiwa na msumeno mkononi, usikate juu ya bega lako. Usipande nao ngazi. Vaa buti, miwani na kinga ya masikio, maana kelele yake inaharibu usikivu, na madhara hayo hayaponi. Gogo lililoegemea ukuta lina nguvu ndani yake, limekunjwa na linataka kunyooka. Ukilikata upande uliovutika kabla ya kupunguza ule uliobanwa, linaweza kupasuka na kukupiga. Kama huna hakika ni upande upi, mwite mtu anayejua. Wapo vijana mjini wanaofanya kazi hiyo kwa kamba na panga, wanaushusha mti tawi kwa tawi, na ujuzi wao una thamani ya malipo wanayoomba. Kwa tawi la unene wa kifundo cha mkono, panga lililonolewa linatosha. Mnazi nao ni habari nyingine: nyuzi zake zinamaliza makali upesi, kwa hiyo uwe na tupa ya duara karibu.

Ziko dharura ambazo chenso haina msaada wowote. Tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo, watu walikimbilia kuokoa na kila walichokuwa nacho. Moyo ule ninauheshimu sana. Lakini mnyororo wa kukatia miti ukigusa zege, nondo au hata mchanga, umekwisha, na vipande vinavyoruka vinaweza kumuumiza anayeokoa na anayeokolewa. Pale zinahitajika mashine nyingine na watu waliofundishwa, na namba ya Zimamoto ni 114. Vivyo hivyo mti uliolalia nyaya: usiuguse, hata kama taa zimezimika mtaa mzima. Umeme unaweza kurudishwa wakati wowote. Waite TANESCO, ziba njia watoto wasipite, usubiri.

Kuna na upande wa sheria. Mti ulio kando ya barabara si wako hata kama unafagia majani yake kila asubuhi; uliza ofisi ya mtaa na halmashauri kabla ya kuukata. Kuhusu kumiliki na kutumia chenso, ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ndiyo ya kuuliza masharti. Chombo hiki hutumika pia kukata misitu yetu kwa siri, kwa hiyo serikali kukifuatilia ni jambo la haki.

Kwa hesabu zote hizo, mimi naona nyumba kumi za mtaa mmoja hazihitaji chenso kumi. Zinahitaji moja nzuri ya petroli, mnyororo wa akiba, kofia ngumu, buti na miwani, vitunzwe mahali panapojulikana, na vijana wawili waliofundishwa ndio wawe washikaji. Mmoja wao aiwashe kila mwisho wa mwezi. Tunachangishana kwa misiba na kwa harusi, hivyo kuchangishana kwa hili hakutatushinda. Mwenyekiti wa mtaa unayenisikiliza, liweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi kabla masika hayajaanza, na ufunguo wa stoo uwe kwa watu wawili, si mmoja anayeweza kuwa amesafiri.