Barua ya Wakala

Akija wakala wa bima, mwulize kwanza: "Barua yako ya kazi yakuruhusu kupokea fedha?" Usione haya.

Sikilizeni habari ya Bara Hindi. Mwezi wa Juni 1987 mtu mmoja, aliyekwisha chelewa kulipia bima yake ya maisha, alimpa wakala hundi. Fedha ikachukuliwa benki, lakini ofisini haikufika. Tarehe 9 Agosti akafa kwa ajali. Wakala akailipa kesho yake! Shirika likakataa: bima imekwisha katika. Mjane akadai.

Mwaka 1997 mahakama iliyo juu ya zote ikaamua: wakala alikatazwa, kwa barua yake mwenyewe, kupokea malipo, kwa hiyo kumpa yeye si kulilipa shirika. Miaka kumi mjane alingojea jibu hilo.