PICHA NA UCHUNGUZI WA MAPEMA WA SARATANI YA MATITI

(Maelezo yaliyotolewa kwa masheha, wahudumu wa afya na wapiga picha)





Jambo lililotukutanisha ni zito, nalo majumbani mwetu hutajwa kwa sauti ya chini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walifariki kwa maradhi hayo. Katika nchi zenye kipato kidogo, mgonjwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa, kwa kuwa aghalabu hufika hospitali akiwa amechelewa.

Kuchelewa huko kuna sababu nyingi: nauli, hofu, haya na kutojua. Picha haiwezi kumlipia mtu nauli, lakini yaweza kupunguza hofu na kuondoa ujinga.

Ndugu zangu,

Tarehe 15 Agosti 1993, jarida la Jumapili la gazeti la New York Times, huko Marekani, lilitoa katika jalada lake picha ambayo msanii Matuschka alijipiga mwenyewe. Alivaa gauni jeupe lililoachwa wazi upande mmoja, kovu la titi lililoondolewa likaonekana. Barua nyingi zilifika gazetini. Wapo walioshukuru na wapo walioghadhibika. Hata hivyo, maradhi yaliyokuwa yakifichwa yakazungumzwa hadharani.

Sisemi picha ile ibandikwe katika vituo vyetu. Kila watu wana stara yao, na bango linalowafanya akina mama wainamishe macho halifundishi kitu. Njia nyingine ipo. Mbunifu Corrine Ellsworth-Beaumont alitengeneza picha ya malimau 12 yaliyopangwa katika trei ya mayai, kila limau likionyesha dalili moja: uvimbe mgumu uliojificha ndani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyozama, majimaji yanayotoka, ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa. Mwaka 2017 picha hiyo ilienea duniani. Haikumvunjia mtu heshima, na hata asiyejua kusoma aliielewa. Nani katika visiwa hivi asiyelijua limau?

Kwa hiyo nawaomba wapiga picha wetu mambo matatu.

Kwanza, tuonyesheni safari yenyewe: mlango wa kituo, muuguzi wa kike, chumba chenye pazia, mume aliyemsindikiza mkewe. Mtu hukiogopa zaidi asichokijua.

Pili, asipigwe picha mgonjwa yeyote pasipo ridhaa yake, baada ya kuelezwa itaonekana wapi. Akikataa, huduma yake isipungue hata chembe.

Tatu, chini ya kila picha paandikwe kwa maneno machache mahali pa kwenda na siku ya kwenda. Picha isiyomwelekeza mtu mahali humwachia khofu tu.

Ndugu Masheha,

Bango si daktari. Kamera huonyesha kilicho juu ya ngozi. Picha ya eksirei ya matiti huweza kuonyesha uvimbe ambao vidole havijaugundua. Na uhakika hupatikana pale kipande cha nyama kinapopimwa maabara. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza. Basi mama akikujieni na wasiwasi, msimwambie angoje mavuno wala arusi ipite. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kila uvimbe mpya unastahili kuangaliwa. Na wanaume wasijitoe: kati ya wagonjwa 100, mmoja au chini yake ni mwanamume.

Mama aliyeziona dalili katika picha ya limau, kisha akazitambua mwilini mwake na kwenda kituoni mapema, huyo ndiye tunayemtafuta. Picha zetu zipimwe kwa idadi ya watakaokwenda, si kwa idadi ya watakaozisifu.