FUNGUO ZA GHALA LA UMEME

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma)



Nimeombwa niseme juu ya umeme. Nitaanza na mtama.

Nilipokuwa mtoto, kijijini upande wa Butiama, baba yangu aliweka mtama wake katika ghala la jirani, maana lilikuwa imara kuliko letu. Mwaka mmoja mvua zikakosa. Tulipokwenda kuchukua chakula, tulikuta mzee yule amekwisha kuuza sehemu kubwa mnadani Bunda, bei ilipopanda. Alisema ghala ni lake, na atatulipa. Kweli alitulipa, lakini baada ya mavuno. Miezi ile ya katikati tulilala na njaa.

Umeme nao unahitaji ghala. Mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, hauwezi kuzalisha usiku, na usiku ndipo Musoma yote inapowasha taa. Ghala letu la zamani ni maji: Bwawa la Mtera lilijengwa kwanza kutunza maji ya mitambo ya Kidatu, mitambo yake lenyewe ilikuja mwaka 1988. Sasa zinakuja betri kubwa. Ziwe za nani?

Wengine husema ziwe za TANESCO peke yake, kwani Azimio la Arusha la 1967 liliutaja umeme katika njia kuu za uchumi. Wengine husema waachiwe wenye mitaji. Kila upande una hoja. Kisiwani Ukara, kampuni binafsi ilianza mwaka 2016 kuwapa umeme wa jua na betri watu ambao gridi haikuwa imewafikia. Lakini mkataba wa IPTL wa 1995 ulitufunga kulipia mtambo wa megawati 100 wa Tegeta, uwake usiwake.

Maoni yangu ni haya: mwenye fedha na ajenge ghala, ila funguo zishikwe na shirika la umma linaloendesha gridi. Mfanyabiashara hufungua pale anapolipwa zaidi. Wodi ya wazazi haiwezi kungoja. Na mkataba usomwe na wananchi kabla ya kutiwa saini. Shirika nalo likifungua ovyo, lihojiwe.

Vijana, huenda mmoja wenu ndiye atakayeandika mkataba huo. Akumbuke mtama wa Butiama.