Wimbo wa Kwanza wa Mpiga Dramu: Tuuchague Vipi Hapa Bondeni?

Mada kwa warsha ya walimu wa dramu wa makanisa, shule na vikundi vya vijana, Bondeni, Nakuru

Walimu wenzangu, kijana akija kwetu kujifunza dramu, wimbo wa kwanza tunaompa huwa ni ule tunaoupenda sisi, au ule unaotajwa kwenye kila orodha ya ng'ambo: "We Will Rock You", "Billie Jean", "Back in Black". Ni nyimbo nzuri, na hiyo ya pili nitaizungumzia. Ninachotetea leo ni kwamba wimbo wa kwanza uwe ule ambao mwanafunzi tayari anao mwilini, anaoweza kuuimba hadi mwisho bila kukumbushwa. Anayeanza ana mikono miwili na miguu miwili ya kuisimamia. Ukimwongezea kazi ya kukumbuka kiitikio kinaingia wapi, mguu ndio utakaosahauliwa kwanza.

Hapa Bondeni hatuna upungufu wa nyimbo za namna hiyo. Mtaa huu una watu wa kila upande wa nchi. Mtoto aliyelelewa kwenye maulidi analijua dufu kabla hajajua kuandika. Aliyelelewa kwa Waakorino amezisikia ngoma kubwa za kanisa lake tangu akiwa mgongoni. Mjukuu wa Mluhya anaitambua isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na ambayo mashabiki wa AFC Leopards huibeba hadi uwanjani. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu liwe: nyumbani kwenu mnaimba nini? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko orodha yoyote iliyochapishwa.

Kabla mwanafunzi hajakalia kiti cha dramu, mpeni chupa. Wapiga gitaa wa Magharibi ya Kenya wa miaka ya 1950, George Mukabi akiwa miongoni mwao, walikuwa na mwenzao wa kugonga chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye mikunjo. Hakukuwa na seti ya dramu, na watu walicheza. Mgonga chupa alishika mwendo wa wimbo mzima, hakupiga roli, hakubadilisha kitu, na gitaa likapata uhuru wa kutembea kwa sababu yeye hakuyumba. Mwanafunzi anayeweza kugonga chupa pambio zima la dakika nne, waimbaji wakipaza na kushusha sauti, bila kukimbia wala kuchelewa, amekwisha kujifunza nusu ya kazi. Asiyeweza, seti ya dramu itamfichia tu udhaifu kwa kelele. Nasisitiza wimbo mzima. Vijana wengi wanajua vipande ishirini na hawajui wimbo hata mmoja.

Sasa kasi. Wengi wetu tunaamini kwamba wimbo wa polepole ni rahisi, na hapo ndipo tunapowaumiza wanafunzi. Pengo kati ya pigo na pigo likiwa refu, mkono usiozoea hauna cha kushikilia, unatangulia. "Malaika", kama Fadhili William alivyoirekodi, inaonekana nyepesi kwa sababu kila mtu anaijua, lakini kuipiga kwa utulivu ule ni kazi ya mtu aliyekomaa. Mimi huanzia kwenye mapigo 90 hadi 110 kwa dakika, karibu na mwendo wa mtu anayetembea akiwa na shughuli. Chini ya 70 nawaachia wa mwaka wa pili.

Twisti ya Daudi Kabaka ni mlango mzuri wa kuingilia. "Helule Helule" ina mdundo ulionyooka, maneno yanayojirudia, na mwanafunzi hapotei ndani yake. Ilipendeza kiasi kwamba bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliirekodi upya mwaka 1968. Snea kwenye pigo la pili na la nne, mguu kwenye la kwanza na la tatu, haihati ikihesabu katikati. Basi. Kama kasi inamshinda, YouTube inaruhusu kuipunguza hadi 0.75 bila sauti za waimbaji kuzama.

Rumba inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo muziki ambao wazazi wa wanafunzi wetu wameupiga redioni miaka yote. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, Rashid Juma akiwa kwenye dramu. Sikilizeni alivyo mpole. Besi ya Tom Malanga ndiyo inayozungumza, na dramu inaipisha. Hili ni somo ambalo hakuna zoezi la kitabuni linaloweza kulifundisha: kusikiliza besi na kuamua kunyamaza. Lakini angalieni jambo moja. Rekodi nyingi za zamani zilipigwa na bendi nzima kwa pamoja, bila mashine ya kuhesabu, na zikifika kwenye sebene huongeza mwendo kidogo. Mwanafunzi akijikuta nyuma hudhani amekosea. Kwa miezi ya mwanzo apige sehemu ya kuimba peke yake, asimame sebene inapoingia, na aambiwe sababu.

Benga isubiri. Najua hili litapingwa na wenzangu waliokulia kwenye Shirati Jazz ya D. O. Misiani au Koilong'et ya Kipchamba arap Tapotuk. Benga ni haraka, mguu haupumziki, na kijana anayeianza mapema hukaza bega na kifundo cha mkono, akazoea kupiga kwa nguvu badala ya wepesi. Kukaza huko huchukua muda mrefu kukutoa. Chakacha na pambio zile za mafungu ya tatu nazo zisubiri, isipokuwa kwa mtoto aliyezicheza tangu utotoni. Huyo mwacheni aanze nazo, mwili wake umeshatangulia somo.

Rege ni shida ya aina yake. Matatu za Nakuru zimewafundisha vijana kuipenda, na wanaitaka siku ya kwanza. Lakini katika mtindo alioupiga Carlton Barrett wa The Wailers, pigo la kwanza huachwa wazi, na mguu huanguka pamoja na snea kwenye la tatu. Ambaye bado hajui kulishika pigo la kwanza hawezi kuliacha. Mpeni rege baada ya twisti, mtaona tofauti.

Nyimbo za mashine, gengetone na amapiano, watu wazima wanazidharau bure. Mashine haichoki wala haikimbii. Amapiano nyingi huwa kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, na kijana asiye na metronomu anaweza kuzitumia kupima uthabiti wake. Haitamfundisha kupumua pamoja na watu, basi asikae humo peke yake.

Na "Billie Jean": aliyeipiga ni Mmarekani Leon Chancler, aliyejulikana kama Ndugu. Alikuwa fundi aliyezunguka na wakubwa wa jazi, lakini katika wimbo huo alipiga mdundo mmoja sahili karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana anayedai roli kila baada ya mistari miwili akalishwe ausikilize, bila vijiti mkononi.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwani wengi wetu tunafundisha bila seti. Jerikeni la lita 20 kwa sauti nzito, kipande cha mpira wa tairi juu ya kibao kwa snea. Wimbo wa kwanza uwe unaweza kusimama kwa sauti hizo mbili tu. Ukihitaji matoazi matatu ndipo ueleweke, si wimbo wa kwanza.

Pendekezo langu kwa kikao cha mchana: kila kikundi kilete pambio au nyimbo tatu ambazo watoto wa kwao wanazijua kwa moyo. Tuzipime kasi kwa simu, tuandike mguu unaanguka wapi, tuseme ni jambo gani moja ambalo kila wimbo unalifundisha, na tuzipange kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Tutakapokubaliana, karatasi hiyo ibandikwe kila mahali penye jerikeni na vijiti. Tutakapobishana, na nategemea tutabishana sana juu ya benga, apewe nafasi mwenye hoja aipige mbele yetu.