Kamyo: tununue ao tukodi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka)



Tumeombwa tuseme juu ya kamyo. Tunajua wengi wamekuja na jibu tayari ndani ya moyo. Toka wafadhili waandike kwamba wanaweza kutoa pesa ya Fuso moja iliyotumika, huko Lulimba hakuna maneno mengine. Na tunaelewa. Mtu aliyekaa Nyarugusu miaka kumi na zaidi akipimiwa mpaka unga wa kupika, akirudi kwao anatamani kitu chake mwenyewe. Tena mpunga unalala nyumbani, panya wanakula, na mwenye kamyo anakuja siku anayotaka na bei anayotaka.

Lakini sisi tulio kwenye tereni tuko na ulizo moja mbele ya lile la bei: hiyo kamyo itatembea mara ngapi kwa mwezi?

Tupige hesabu. Namba hizi ni mfano tu. Tuseme Fuso imenunuliwa dola 24 000 na itafanya kazi miaka 5. Hiyo ni miezi 60, maana yake kila mwezi tuweke pembeni dola 400 ili siku ikichoka tununue ingine. Hapo hatujagusa mazutu, matairi, asiransi, mshahara wa shofere na wa mlinzi. Ikifanya safari 10 kwa mwezi, kila safari inabeba dola 40 za ule mzigo. Ikifanya safari 2, kila moja inabeba dola 200. Gawa kwa magunia 70: ni karibu dola 3 kwa gunia, na gari haijawashwa bado.

Mtu atasema, "Wafadhili wanatupa bure." Sawa, ya kwanza ni bure. Ya pili atatoa nani? Na matairi ya ile ya kwanza? Kamyo ikilala juu ya mawe nyuma ya ofisi, hata mfadhili mwenyewe hatafurahi kuipiga picha.

Angalieni sasa kazi yenyewe. Mpunga unavunwa, na kwa majuma machache kila mtu anataka gari siku moja. Kisha inabaki mihogo, kidogo kidogo. Mvua ikikolea, barabara ya Fizi kwenda Lulimba inakuwa matope, na gari inaweza kulala njiani siku kadhaa. Kutoka hapa Baraka, mzigo wa Uvira ao Kalemie unaweza kupanda boti. Kwa hiyo kamyo tunaihitaji sana kwa kipande kimoja cha njia, na kwa miezi michache.

Kuna na jambo la sheria. Shirika letu liko chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya mashirika yasiyotafuta faida. Kamyo ikianza kubebea watu wa inje kwa malipo ili ijilipie mazutu, hiyo imekuwa biashara. Njia safi ingekuwa kuunda kooperativi kwa sheria za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012. Inawezekana, lakini haimaliziki kwa mkutano mmoja.

Kukodi nako, vile tunavyokodi leo, ni mateso. Tunapatana kwa mdomo, magunia yakishafika kando ya barabara bei inapanda. Dawa yake ni karatasi. Iandikwe bei ya gari nzima kwa safari, isiwe ya gunia. Iandikwe nani analipa mazutu na barieri, na gari ikikwama, siku zile ni za nani. Na safari ya kurudi, mama zetu wanaouza chumvi na sabuni, na wale wanaojenga wanaotafuta mabati na simenti, wapakie humo. Gari inayorudi tupu tunailipia sisi, hata kama mwenyewe hasemi.

Wengine wametaja kukodi huku tukinunua, kulipa kila mwezi mpaka gari iwe yetu. Si mbaya. Ila tukikosa mwezi mmoja, mwenyewe anaweza kuichukua pamoja na yote tuliyolipa, kama mkataba haukukataza. Na miezi ya kukosa tunaijua.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: mavuno mawili tukodi kwa mkataba, na wafadhili wakikubali, sehemu ya pesa yao iwe malipo ya mbele ili bei isipande, na sehemu ijenge depo isiyoingia panya. Kila safari iandikwe kwenye daftari: magunia, siku, gharama. Kila gunia litoe kitu kidogo kwa sanduku la gari. Daftari likionyesha safari nane ao kumi kwa mwezi, hata miezi ya mvua, sisi wenyewe tutakwenda kuomba Fuso.

Karatasi za kuandikisha magunia ziko kwa katibu. Kila kijiji kirudishe yake mbele ya kura ya Jumamosi.