Kilete Hicho Kiswahili Chako Tukisome

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazazi wa Kisii na Nyamira baada ya futari)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya uandishi. Sitakaa sana, tarawehe inatungoja. Nataka kusema na wale ambao wameandika kitu kikalala ndani ya daftari, na daftari likalala chini ya godoro. Najua mko hapa. Kila mwaka wahariri wakitangaza kwamba wanataka makala, hadithi na mashairi, vijana wanaitikia insha-Allah, halafu zinaletwa karatasi tatu nne, na zote kutoka kwa watu wale wale. Ukimuuliza kijana, "Kwani wewe si huwa unaandika?" atakujibu, "Ustadh, Kiswahili changu si kizuri. Mimi Mkisii. Watanicheka."

Basi hebu tulitazame hilo neno "watanicheka".

Katika sisi tuliokaa hapa, ni nani ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake? Wachache sana. Wengi wetu tumenyonya na Ekegusii. Ndugu zetu Wanubi wana Kinubi chao. Wengine nyumbani ni Kisomali. Kiswahili tumekutana nacho soko la Daraja Mbili, ndani ya matatu, shuleni, na msikitini kwenye mawaidha. Kwa hivyo ni lugha ya pili ya karibu kila mtu hapa, lakini ndiyo ambayo Mgusii wa Keroka, Mnubi wa mjini na Msomali mwenye duka wote wanaielewa, pamoja na yule nyanya ambaye Kiingereza hakimfai kitu.

Wala si lugha ya mbali. Sisi tunasema omonto, wao mtu. Abanto, watu. Enyomba, nyumba. Omote, mti. Hao ni ndugu. Ila undugu nao una mitego yake! Kwetu sisi "baba" ni mama mzazi, na baba mwenyewe ni "tata". Sasa mtoto wa Nyamira akiandika kwenye insha kwamba baba alikuwa akimnyonyesha mdogo wake, mwalimu kutoka Pwani ataiweka kalamu chini kwanza. Tena Ekegusii haina sauti ya l, kwa hivyo kulala kunakuwa kurara. Haya ndiyo yanayochekwa. Lakini niambieni, kusahihisha r na l kunachukua muda gani? Mtu mmoja anayejua, kalamu nyekundu, nusu saa. Wahariri wako kwa kazi hiyo. Lile ulilotaka kusema ndilo ambalo mhariri hawezi kukutilia.

Wenzetu wanaosoma nahau ya Kiarabu wanamjua Sibawayhi. Kitabu chake, ambacho watu wanakiita Al-Kitab tu, ndicho msingi wa sarufi ya Kiarabu mpaka leo. Je, alikuwa Mwarabu? Hapana, alikuwa Mwajemi, akaenda kusoma Basra. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akisoma hadithi mbele ya Sheikh Hammad bin Salama alikosea irabu ya neno moja, akakosolewa palepale darasani. Aibu ilimpata. Lakini hakusema, "Kiarabu ni cha wenyewe, wacha mimi nirudi kwetu." Aliazimia kuitafuta elimu ya lugha mpaka asipatikane wa kumkosoa, akashikamana na Al-Khalil bin Ahmad. Waarabu wenyewe wakaja kujifunza kanuni za lugha yao katika kitabu cha mtu ambaye hakuzaliwa nayo.

Na hivi sasa, mwezi huu, sisi sote tunasoma Qur'ani kwa lugha ambayo hatukuzaliwa nayo. Tunajua kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma kwa kubabaika na kwa uzito ana malipo mawili. Hadithi hiyo ni ya Qur'ani, siwezi kuivuta ikae juu ya hadithi za kubuni na mashairi. Ila nashangaa kwamba mtu aliyezoea kubabaika mbele ya msahafu, ustadh akimrekebisha herufi kwa herufi mbele ya wenzake, anaogopa kurekebishwa Kiswahili.

Sasa nivuke ziwa kidogo. Upande wa Tanzania kuna kisiwa cha Ukerewe. Huko alizaliwa mzee Aniceti Kitereza mwaka 1896. Aliona mila na maneno ya Wakerewe yanapotea, akakaa akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliokuwa wakihangaika kupata mtoto. Ndani yake akatia kila kitu: wanavyolima, wanavyotibiwa, wanavyooana, wanavyopokea wageni. Akamaliza mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana, maana wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mswada ukakaa, miaka ikaenda. Mzee hakuutupa. Aliuandika wote tena kwa Kiswahili, kwa mkono wake, mtu ambaye umri ulikuwa umeshakwenda na lugha yenyewe si ya mama yake. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikautoa mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki.

Miaka 35! Nikiifikiria nasikia uchungu. Mngekaa na daftari lenu miaka 35?

Lakini sikilizeni kilichofuata. Kuna wazee hapa wanaosema kwamba kijana akiandika Kiswahili ameitupa Ekegusii. Kitereza hakuitupa Kikerewe. Mswada wa kwanza ulibaki, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika alipokitoa kitabu kile kwa Kiingereza, alikifasiri kutoka Kikerewe kile kile cha mwanzo. Kiswahili kilikuwa mlango, dunia ikapitia humo ikamjua mzee, halafu ikarudi kutafuta lugha ya nyumbani kwake. Kwa hivyo ukitunga kwanza kwa Ekegusii, ihifadhi, kisha ulete na Kiswahili chake.

Kisiwa hicho hicho kimemtoa Euphrase Kezilahabi, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971. Na hapa Kenya, Ken Walibora, Mwenyezi Mungu alimjaalia kipaji, alikulia upande wa Kitale, si Lamu wala Mvita. Siku Njema ilitoka mwaka 1996, ikasomwa na wanafunzi wa Kenya nzima, wa Pwani pia. Kyallo Wadi Wamitila ni wa Ukambani. Hawa walichekwa au hawakuchekwa sijui, lakini walileta.

Nina neno kwa wanaocheka. Nanyi mko hapa. Kijana anasoma shairi lake, amesema "kitabu yangu", mtu wa nyuma anapasua kicheko, na kuanzia siku hiyo kijana yule hasomi tena mbele za watu. Wewe umepata nini? Kukosoa ni jambo jema na lina adabu yake: mvute pembeni, mwonyeshe neno, msifu alipopatia. Walimu wa madrasa na wazazi, hili linawahusu zaidi, maana mtoto wa darasa la sita akichekwa na baba yake hana pengine pa kupeleka daftari.

Na kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kuna mambo ambayo tusipoyaandika sisi hayaandikwi na mtu. Sisi ni wachache huku. Ndugu wa Mombasa anaposikia Kisii anafikiria ndizi na mawe ya Tabaka. Hajui kijana aliyesilimu kule vijijini Nyamira anamwelezaje nyanya yake kwamba leo hali hata chinsaga alizompikia, mpaka jua lizame, na nyanya anadhani mtoto ni mgonjwa. Hajui msichana anayevaa hijabu peke yake darasani anaulizwa maswali gani. Wazee wa Kinubi, ambao babu zao waliletwa huku wakiwa askari wa Mwingereza, wanaijua historia ya mji huu kwa mdomo, na tunawazika mmoja mmoja. Mjukuu wa mmoja wao amekaa hapa mbele yangu na simu yenye kinasa sauti.

Kuhusu namna ya kuandika nitapita haraka. Andika kama unavyomsimulia mtu, kisha jisomee kwa sauti. Pale ulimi unapokwama ndipo penye kosa mara nyingi. Usiende kutafuta maneno makubwa ya Lamu ambayo huyajui uzito wake. Neno la nyumbani likikosa mwenzake, liache, ulieleze. Chinsaga Waswahili wanaziita mgagani, lakini sidhani nyanya yule atakuwa amepika mgagani. Kamusi iko, tuazimane. Na kwa wenye miswada mirefu, ile tuzo iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo siku hizi inaitwa Safal-Cornell, inapokea Kiswahili ambacho bado hakijachapishwa.

Sasa utaratibu. Kuanzia leo mpaka mwezi ishirini Ramadhan kutakuwa na sanduku karibu na mlango wa kutawadhia, na jingine upande wa akina mama. Kurasa mbili zinatosha. Mwandiko wa mkono unakubaliwa. Asiyetaka jina lake lionekane aandike herufi mbili tu, ila aweke alama ya kumwezesha kuipata karatasi yake, kwa sababu kila karatasi itarudishwa ikiwa imesahihishwa, hata ambayo haitaingia katika jarida. Watakaosahihisha ni wanne, nimekaa nao, na tumekubaliana kwamba hakuna karatasi itakayosomwa kwa sauti bila idhini ya mwenyewe.

Naona muadhini anatazama saa. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.