"Tulitoka kwa nyani?" Swali linalopigiwa makofi mikutanoni

(Uzi. Haya nilizungumza na vijana hapa Nyamasaria. Mliomba maandishi, ndiyo haya.)



Kampeni zikianza, hakosi mgombea wa kupanda juu ya gari na kuuliza: "Mnataka watoto wenu wafundishwe kwamba walitoka kwa nyani?" Umati unajibu "Hapana!" Makofi, muziki, gari linaondoka. Hakuna anayemuuliza, sasa wewe utafanya nini?

Mjadala huu si mgeni. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa Nairobi yakiwa yanakarabatiwa, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga mifupa ya Mvulana wa Turkana kupewa nafasi ya mbele. Huyo alichimbuliwa Nariokotome mwaka 1984, Kamoya Kimeu akiwa wa kwanza kumwona, na umri wake ni kama miaka milioni 1.5. Walichotaka ni awekwe kando, na paandikwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Richard Leakey akapinga vikali. Makumbusho yalipofunguliwa tena 2008, mifupa ilionyeshwa.

Hapo kuna neno linalotuchanganya: nadharia. Mtaani, nadharia ni kubahatisha. Kwa mwanasayansi ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi yakasimama. Tena sayansi haisemi nyani wa leo ndiye babu yako. Inasema yeye na wewe mna babu mmoja wa zamani sana. Unaweza kuikataa, lakini ikatae kama ilivyo.

Sasa njooni ziwani, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mnamjua fulu, yule samaki mdogo. Wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa wakaona lilikuwa limekauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo fulu wakawa aina mamia, wengine wanakadiria 500, kabla mbuta aliyeletwa miaka ya 1950 hajawamaliza wengi. Mwanasayansi anasema: hayo ndiyo mageuko. Ndugu yetu anayeamini uumbaji anajibu: sawa, amebadilika, lakini bado ni fulu, hajawa kuku. Mungu aliumba makundi, na ndani ya kundi mabadiliko yapo.

Jibu hilo si la kijinga, msilicheke. Ila anayehesabu umri wa dunia kuwa miaka kama 6,000, shida yake kubwa si nyani. Ni hiyo 15,000 ya ziwa letu. Na kule Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, la miaka kama milioni 18. Ugomvi wenyewe ni wa kalenda.

Wala Wakristo hawako upande mmoja. Waadventista, ambao ni wengi huku kwetu, wanashikilia siku sita halisi. Kanisa Katoliki tangu 1950 limeruhusu waumini wachunguze suala la mwili wa binadamu kutokana na mageuko, mradi roho inatoka kwa Mungu. Wote hao wanakaa benchi moja kwenye matanga.

Turudi kwa yule wa juu ya gari. Silabasi ya Biolojia ya 8-4-4, Kidato cha Nne, inataja uumbaji pamoja na mageuko. Kwa hivyo mtoto hajafichwa Mungu. Na mitaala inaandaliwa na KICD, Nairobi. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi. Mgombea wa wadi anayeahidi kufuta mageuko shule za sekondari anaahidi kitu ambacho ofisi yake haikigusi. Wa ubunge yeye muulizeni: utaleta mswada gani? Kipengele cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya serikali, utakivukaje? Na msichana wetu anayetaka udaktari ataandika nini kwenye karatasi ya mtihani, wakati mwenzake wa kaunti nyingine amesoma?

Mama pale nyuma ameinua mkono kitambo. Mpeni kipaza sauti.